Marangu: Hoteli Aliyolala Rais wa Marekani na Watu Ambao Majina Yao Hayajaandikwa

Jimmy Carter, rais wa 39 wa Marekani, alifariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa ametimiza miaka 100. Stori zake zikarudiwa zote: mkulima wa karanga wa Georgia, mkataba wa Camp David, Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2002. Kuna kipande kimoja ambacho watu wa Moshi walitakiwa kukidai kwa sauti lakini kikapita kimya kimya. Mwaka 1988, miaka saba baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, mzee huyu akiwa na miaka sitini na kitu alikuja Tanzania kupanda Kilimanjaro. Na hakulala Arusha wala Nairobi. Alilala Marangu, kwenye Hoteli ya Kibo.

Ukimtajia kijana wa leo Hoteli ya Kibo, wengi watauliza, "Ipi hiyo?" Wengine watadhani unaongelea bia. Lakini kwa miaka mingi sana, mtu yeyote mwenye hela zake huko Ulaya au Marekani akisema anakwenda kupanda Kilimanjaro, jina hilo lilikuwa moja kati ya majina mawili aliyopewa. Lingine lilikuwa Marangu Hotel. Basi. Hakukuwa na mia ngapi za kampuni za utalii, hakukuwa na mtu wa kukufuata stendi na kadi mkononi. Mlima ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa Marangu.

Kwa asiyepajua: ukitoka Moshi mjini unashika barabara ya Himo, ukifika njia panda ya Himo unakunja kushoto, halafu kuanzia hapo ni kupanda tu. Hewa inabadilika. Joto la Moshi linabaki nyuma, migomba inaanza kukusogelea pande zote mbili za barabara, kahawa chini ya migomba, mfereji unapita pembeni ya kihamba cha mtu. Ni kama kilomita 40 toka mjini. Marangu Mtoni ndo senta, na kutoka pale barabara inaendelea kupanda mpaka geti la hifadhi. Hoteli ya Kibo iko juu kidogo ya senta, kwenye bustani yake, na mizizi yake inarudi mpaka enzi za Mjerumani. Madirisha makubwa ya kizamani, sakafu za mbao, bustani yenye maua. Hayo bado yanatajwa na kila aliyewahi kuiandika. Kinachotajwa mara baada ya hapo ni kwamba siku zake nzuri zimepita.

Sasa swali la maana sio kwa nini nyumba ya zamani imechakaa. Nyumba yoyote inachakaa. Swali ni kwa nini hoteli iliyokaa kwenye mlango wa mlima maarufu kuliko yote Afrika ilishindwa kula matunda ya mlima huo huo, wakati wapandaji wanazidi kuja.

Jibu linaanzia mbali kidogo.

Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Muaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Walipitia Marangu, kwa Mangi Marealle, ambaye alikuwa mjanja wa siasa kuliko wengi wa wakati wake. Jirani yake Mangi Meli wa Old Moshi alipambana na Wajerumani na wakamnyonga Machi 1900. Marealle yeye alicheza nao karata. Unaweza kumlaumu, unaweza kumsifu, ila matokeo yake yako wazi: Wajerumani wakaijua Marangu, wamisionari wa Kilutheri wakajenga, barabara ya kupanda mlima ikawa ya Marangu. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mzungu aliweza kushuka melini pwani, akapanda treni, na baada ya muda mfupi akawa anaangalia theluji kutoka kwenye baraza la nyumba yenye kitanda na chai.

Wajerumani walijenga pia vibanda vya kulala juu mlimani. Kimoja wakakiita Bismarck, kingine Peters. Huyo Peters ni Carl Peters, yule yule ambaye Waswahili walimpa jina la Mkono wa Damu kwa ukatili wake, na aliyekuja kufukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897 kwa mambo aliyoyafanya hapa hapa Kilimanjaro, ikiwemo kunyonga watu waliokuwa wakimtumikia. Watu wa Marangu walibeba mizigo kwa miaka mingi kwenda kulala kwenye kibanda chenye jina la mtu huyo. Baada ya Uhuru, Bismarck ikawa Mandara na Peters ikawa Horombo, majina ya wamangi wa karne ya 19. Kwa hiyo ukiposti picha uko Horombo, ujue pale palikuwa na jina lingine, na lilikuwa baya.

Turudi hotelini, maana hapa ndo pana kitu ambacho wengi hawakijui. Leo hoteli ni kitanda. Unalala, unakula, asubuhi gari la kampuni linakuja kukuchukua. Enzi zile hoteli ndo ilikuwa safari yenyewe. Mtu aliandika barua au telegramu toka London au Nairobi, na hoteli inamaliza kila kitu: muongozaji, msaidizi wake, mpishi, wapagazi, mablanketi, makoti ya kuazima, chakula cha siku tano, nafasi kwenye vibanda. Mgeni anatembea toka Marangu kupitia msituni mpaka kibanda cha kwanza, kesho yake cha pili, siku ya tatu anafika Kibo kwenye mita 4,700 na ushee, usiku wa manane anaamshwa apande changarawe mpaka Gillman's Point, na mwenye pumzi anasogea mpaka kilele chenyewe, mita 5,895. Siku ya tano yuko hotelini, miguu imevimba, anatafuta maji ya moto.

Fikiria maana yake kwa kijiji. Mgeni mmoja alihitaji watu kadhaa wa kumpeleka. Mayai yalitoka kwa mama fulani, ndizi kwa mwingine, kuku, maziwa, kuni. Vijana walianza kama wapagazi, mwenye akili na mapafu mazuri akawa msaidizi, baadaye akawa muongozaji, na mtoto wake akafuata. Aliyeshika kalamu ya kuandika nani anapanda wiki hii alikuwa na nguvu kijijini kama mzee wa ukoo. Na kalamu hiyo ilikuwa hotelini.

Wakati huo huo mlima ukawa staa wa dunia. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa kreta. Miaka kumi baadaye Ernest Hemingway akamtumia chui huyo kufungua hadithi yake ya The Snows of Kilimanjaro, na mwaka 1952 Hollywood ikaifanya filamu, Gregory Peck na Ava Gardner ndani. Chui wa Wachagga akawa maarufu kuliko Mchagga yeyote. Bahati ya mnyama!

Na hapo ndo inapouma. Hoteli za aina hii zilikuwa na kitabu cha wageni. Mgeni anaandika jina, nchi, tarehe, kama alifika kileleni au alitapika akarudi. Aliyembebea begi lake, akamchemshia maji kwenye baridi ya kugandisha, akamshika mkono kwenye changarawe, yeye hakuandika popote. Kwenye vitabu vya safari vya wakati ule anaitwa "boi wangu", "muongozaji wetu", "mpishi", au anapewa jina moja tu kama la mbwa. Mamia ya wanaume wa Marangu, Mamba na Kilema walifika juu mara nyingi kuliko mzungu yeyote aliyewahi kuandikwa, na hawako kwenye orodha yoyote.

Aliyeponyoka kwenye usahaulifu huo ni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Inasemekana alikuwepo kwenye safari ya Meyer ya 1889 akiwa kijana mdogo, na baada ya hapo aliongoza watu mlimani kwa miongo mingi. Wapo wanaobishana kuhusu umri wake na kama kweli alikuwepo 1889, maana alifariki mwaka 1996 na hesabu inamfanya awe na zaidi ya miaka 120. Wabishane. Ilipofika miaka 100 ya kupandwa kwa mlima, mwaka 1989, alipewa nyumba ya kisasa kijijini kwake, na leo getini kuna kumbukumbu ya waongozaji wenyeji na sio ya Hans Meyer peke yake. Ilichukua karne nzima.

Ukitaka kujua hoteli hizi zilikuwa za nani, kumbuka Tanganyika ilivyopangwa. Ilikuwa ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Shule hivyo, hospitali hivyo, behewa la treni hivyo. Hotelini Mchagga aliingia kwa mlango wa jikoni. Kwa watu wa kawaida wa Moshi neno lenyewe "hoteli" lilikuwa na maana nyingine kabisa, na mpaka leo ukimwambia bibi unaenda hotelini anajua unakwenda kula chai na chapati karibu na stendi.

Lakini Wachagga sio watu wa kukaa kuangalia. Kahawa ilikuwa imeingia kwa wamisionari wa Kikatoliki kule Kilema, na wenyeji wakaichukua wakaifanya yao. Walowezi hawakupenda, maana Mwafrika mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mzungu kwa ujira wa kitoto. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mbele. Kikapigwa vita, kikaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao ulikuja kuwa mmoja wa vyama vya ushirika vya Waafrika vilivyojulikana zaidi barani.

Hela ya kahawa ilipopanda miaka ya 1950, KNCU wakafanya jambo ambalo mpaka leo halijapewa heshima yake. Walijenga jengo lao Moshi mjini, ghorofa kweli kweli, sio kibanda. Ndani ofisi, maktaba, na juu vyumba vya kulala wageni na mgahawa. Ukikaa kule juu siku mawingu yakiwa yameondoka, Kibo iko mbele yako nyeupe kabisa. Yaani mkulima wa Machame au Rombo, aliyeshuka na gunia mgongoni, alikuwa na hisa kwenye hoteli yenye mandhari sawa na yale aliyouziwa mzungu, na akaingia kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nani. Kwa anasa tu Hoteli ya Kibo ilishinda. Kwa heshima, ghorofa la KNCU lilikuwa juu kuliko hoteli yoyote ya Tanganyika, na haihitaji mjadala.

Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akasimamisha bendera na mwenge kileleni. Kuanzia hapo Kilimanjaro sio mlima wa Mjerumani tena.

Halafu mambo yakaanza kwenda mrama, na hapa ndo kila mtu ana mchawi wake. Mmoja atakwambia ni Ujamaa. Mwingine atakwambia wenye hoteli walilala. Ukweli ni kwamba vitu vingi viligonga kwa pamoja, na kila kimoja kiligonga mahali pake.

Azimio la Arusha lilikuja Februari 1967. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha, ambayo mjini Moshi iligusa hasa Wahindi, na wengi wakafunga virago. Mtu mwenye hoteli binafsi, hata kama haijaguswa, aliacha kuweka hela mpya. Nani apake rangi nyumba ambayo kesho inaweza kuwa sio yake? Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwemo. Kwa kalamu moja tu, hoteli ya wakulima ikakosa wakulima. Chama kilirudishwa mwaka 1984, lakini ndoa ikishavunjwa miaka minane, hata mkirudiana vyombo vingi vinakuwa vimeshapotea.

Pigo baya zaidi kwa Marangu likaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Februari mwaka huo mpaka na Kenya ukafungwa. Watu wengi wanakumbuka ndege na treni zilizogombaniwa, lakini angalia ramani: Himo mpaka Taveta ni pua na mdomo. Kwa miongo yote ile mgeni wa Kilimanjaro alishukia Mombasa au Nairobi, akavuka Taveta, akapanda Marangu. Tanzania ilikuwa na hesabu yake na haikuwa ya kijinga: Kenya ilikuwa inakula hela ya watalii halafu Tanzania inabaki na vumbi la magari yao. Ndo maana uwanja wa KIA ulijengwa, ukafunguliwa Desemba 1971, ili mgeni ashukie hapa hapa. Wazo zuri. Ila uwanja bila ndege za kutosha ni uwanja tu. Mpaka ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo pakawa na vita ya Kagera, mafuta hakuna, fedha za kigeni hakuna, sabuni na sukari vya kupanga foleni. Hoteli ya kitalii inahitaji sabuni. Inahitaji balbu, dizeli ya jenereta, shuka mpya. Huwezi kumuuzia mtu anasa wakati nchi nzima inatafuta chumvi.

Kwa hiyo Carter alipokuja mwaka 1988, hoteli ilikuwa imeshapita kwenye moto wote huo na bado imesimama. Hilo linafaa kuhesabiwa. Ina maana wapishi, wahudumu, wafagiaji na waongozaji ambao hakuna anayewajua kwa majina waliibeba ile nyumba kwa miaka kumi ya ukame, mpaka ikafaa kupokea rais mstaafu wa taifa kubwa na walinzi wake.

Sasa kama ilivuka miaka ya 70 na 80, kwa nini ishindwe baada ya hapo, wakati Mzee Mwinyi ameshasema ruksa, mpaka umefunguliwa na wageni wanamiminika?

Jibu ni lile la kalamu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa 1973 na kufunguliwa rasmi 1977. Pakawa na geti, ada, leseni za waongozaji, kanuni. Mambo mazuri kwa mlima, na mwaka 1987 UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia. Lakini taratibu hoteli ikapokonywa kazi yake ya asili. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, kampuni za kupandisha watalii zikaota kama uyoga Moshi na Arusha, na mgeni akawa analipia safari nzima kabla hajapanda ndege kwao. Analala Moshi mjini karibu na baa na kahawa nzuri, asubuhi Hiace inampeleka getini, anapita mbele ya Hoteli ya Kibo bila kugeuza shingo.

Halafu njia zenyewe zikahama. Marangu ndo njia ya zamani, yenye mabanda ya kulala, na wapandaji wakaipa jina la utani la Coca-Cola wakimaanisha ni laini. Machame wakaiita Whisky, njia ya wagumu. Nani anataka kuposti kwamba kapita njia laini? Watu wakakimbilia Machame, baadaye Lemosho upande wa magharibi, wanalala kwenye mahema, na leo Machame ina watu kuliko Marangu. Mastaa wa Uingereza walivyopanda mwaka 2009 kuchangisha hela ya Comic Relief, akina Cheryl Cole na Gary Barlow, mlima ukaingia kwenye kila runinga ya kwao, lakini hoteli kongwe za Marangu hazikuwa tena sehemu ya stori. Mlango mmoja umekuwa milango saba, na aliyekuwa mlinzi wa mlango hana tena cha kulinda.

Kuna watu watasema hapana, hiyo ni bahati mbaya tu ya kijiografia. Basi waangalie Marangu Hotel. Iko kijiji hicho hicho, ukipanda toka Himo unakutana nayo kabla ya kufika Mtoni. Nayo ilianza kama shamba la kahawa la walowezi na ikaanza kupokea wageni miaka ya 1930. Imepita Ujamaa ule ule, mpaka ule ule uliofungwa, foleni zile zile za sabuni. Na bado inafanya kazi mpaka leo, bado inapandisha watu mlimani yenyewe, na jina lake linatajwa kwa uzuri na wanaotetea haki za wapagazi. Tofauti ni hiyo: haikuachia kalamu. Ilibaki na waongozaji wake, wapagazi wake, vifaa vyake. Kitanda kilikuwa cha ziada tu.

Na kuhusu ghorofa la KNCU pale mjini, huzuni yake ni ya aina nyingine. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka dunia nzima. Miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wakulima wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, mahindi, maparachichi, wengine wakauza ng'ombe kumsomesha mtoto ambaye baadaye alihamia Dar na hakurudi shambani. Vyumba vya juu vikawa vya bei chee, watalii wa mabegi wakawa wanalala kule kwa sababu ya mandhari na kwa sababu mfuko umebana. Mandhari hayajachakaa. Ni kila kitu kingine. Angalau chama kiliweza kuanzisha Union Café, kahawa ya wakulima ikikaangwa na kunyweka mjini hapo hapo, na vijana wa Moshi wanaijua vizuri hata kama hawajui kwamba babu zao ndo wenye mali.

Afrika imejaa majumba ya namna hii. Beira, Msumbiji, kuna Grande Hotel iliyofunguliwa miaka ya 1950 kama fahari ya Wareno, haikumaliza hata miaka kumi ya biashara, na leo maelfu ya watu maskini wanaishi ndani bila umeme. Monrovia kuna Ducor, iliyofunguliwa 1960, sasa ni mifupa ya zege juu ya kilima. Na kuna iliyofufuka: Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam, ilifunguliwa 1965, ikachoka vibaya, na miaka ya 2000 ikamwagiwa hela na kurudi kuwa ya nyota tano chini ya majina makubwa ya kigeni. Inachekesha kidogo kwamba Kilimanjaro iliyopata mwekezaji ni ile iliyo kwenye usawa wa bahari.

Kila Desemba Wachagga wanarudi nyumbani. Barabara ya Chalinze inajaa, mabasi yanaongeza nauli, na tangu Desemba 2019 hata treni ya Dar mpaka Moshi ilirudi baada ya miaka mingi ya reli kuota majani. Marangu inajaa magari yenye namba za Dar, ndafu, mbege, vijana wenye miwani ya jua kwenye ukungu. Vijana hao hao wanapanda kwenda kupiga picha kwenye maporomoko ya maji na kushuka. Wachache wanajua kwamba babu wa mama yao alikuwa mpishi wa mlimani, alifika Gillman's na sufuria mgongoni, akashuka, akalala siku mbili, akapanda tena. Hakuwa na picha. Wale wachache waliopigwa picha wako kwenye albamu za watu Hamburg na Edinburgh, wamesimama pembeni, chini yake pameandikwa tu "wapagazi wetu, Marangu".

Siku hizi mpagazi anaitwa mgumu, mzigo wake una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini, na tangu Agosti 2022 kuna intaneti ya kasi Horombo, kwa hiyo anaweza kuposti mwenyewe akiwa mita 3,720 na jina lake kamili juu ya picha. Wapo wanaofanya hivyo, na wana wafuasi kuliko kampuni zinazowaajiri.

Wazee wa kizazi cha hoteli wanaondoka mmoja mmoja. Mwenye babu au bibi aliyefanya kazi Kibo, Marangu Hotel au kwenye ghorofa la KNCU, simu yako ina kinasa sauti. Muulize alimpikia nani, alilipwa shilingi ngapi, alipanda mara ngapi, nani alikuwa mkuu wa wapagazi, walikuwa wanaimba nini wakishuka. Muulize na waliofia kule juu, maana wapo.

Kwa anayetaka kwenda kuangalia mwenyewe, pale stendi ya Moshi kuna gari za Marangu siku nzima. Unashuka Mtoni, bodaboda za kupanda ziko pale pale. Juni mpaka Agosti beba koti, sio mchezo. Nenda asubuhi na mapema kabla ya saa tatu, baada ya hapo mawingu yanafunga na Kibo huioni tena mpaka jioni.